Korija na Mmoja

Baba alinifunza kuhesabu kwa korija.
Si kumi, si mia: ishirini ishirini,
fungu likifungwa, jiwe moja kando,
fungu jingine, jiwe la pili.
Nilijua fito kabla sijaijua alifu,
nikajua pau, mazio, boriti, nguzo,
unene wa kila mti kwa mkono wake:
kidole gumba kikikutana na cha kati, hiyo ni pau,
vikikosana kwa upana wa kiganja cha mtoto, sema mazio.
Bega lake la kulia lina sugu hadi leo,
na mwanangu hulibonyeza kama kengele ya mlango.

Mimi nimo ndani ya tope la Mtangawanda
nikijaza pakiti za maziwa zilizotobolewa matako,
udongo mweusi unaonuka yai.
Kitalu chetu hakina bomba. Bahari hupanda,
huinywesha miche, hushuka zake, haidai ujira.
Ila majira ya maji mafu haiifikii safu ya juu,
na hapo ndipo Somoe na mimi tunapojua uzito wa ndoo.

Mbegu ya mkoko huota ingali mtini,
imening'inia kwa mama yake, ndefu, kijani, kimya.
Hatuichumi kwa pupa. Tunangoja shingo igeuke manjano
kama ukosi wa kanzu ya Idi mbili zilizopita.
Mwaka wa kwanza tulizipanda siku ileile, mbichi,
tukajisifu, tukapiga picha.
Usiku kaa wakafanya karamu.
Asubuhi vijiti vyote vimekatwa usawa wa tope,
safi, kama kwa mkasi wa fundi cherehani.
Somoe alilia. Mimi nilitukana, Mungu anisamehe.
Bi Mwanashee ndiye aliyetwambia:
zilazeni kivulini wiki nzima zinyauke kidogo,
kaa naye ana maringo, hali mkate wa jana.

Afisa alikuja na daftari: miche mingapi?
Nikamwambia korija mia na ishirini.
Akacheka, akaandika elfu mbili mia nne,
akaniuliza korija ni kabila gani la mti.

Chumba nilichozaliwa ni chembamba,
kwa kuwa mkoko haukubali kurefuka kwa kumwonea haya mwashi.
Boriti za dari ni ishirini na moja.
Nilizihesabu nikiwa na homa, kwenda na kurudi,
ile moja ikinisumbua kama punje ya mchanga jichoni.
"Moya ni ya ziyada," alisema baba.
"Katika ishirini lazima mmoja una kidonda."

Juzi alikuja kitaluni akiongozwa na mjukuu.
Jicho moja lina mtoto, la pili linachoka.
Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akapitisha vidole kwenye mashina membamba kama penseli:
"Hii itakuwa pau. Hii boriti, inshallah.
Hii muwate kaa ale."
Nilitaka kumwambia hapa hatupandi nguzo za mtu.
Badala yake nikauliza:
Baba, wewe ulikata korija ngapi?

Maji yalikuwa yanaingia, yakitafuta njia kati ya pakiti.
Akainua miguu kidogo.
"Mawe yalikwisha," akasema.

Tangu hapo kila ishirini naongeza mmoja,
na wa kaa simwandikii afisa.
Punda wa Famau amekwisha kula mitatu.

Jana baba amerudi, mfuko wa kanzu umelemewa.
Hakusalimu mtu.
Tulipopanda fungu la kwanza ufukweni
akachutama, akaweka jiwe.
La pili, jiwe.
Alipofika la tisa akapotea hesabu,
akayazoa yote,
akaanza upya.